Mawe Yaliyokunywa Masika

Nianze kwa kukiri jambo ambalo Old Moshi nzima inalijua: mimi natia chumvi. Nikisema mvua ya jana ilikuwa kubwa, jueni ilinyunyiza. Nikisema mkungu wa ndizi wa kihambani, shamba la nyumbani kwangu, ulibebwa na wanaume wanne, jueni niliubeba mwenyewe kwa mkono mmoja, na mkono wa pili nilikuwa nimeshika simu. Mke wangu, Mama Aika, amezoea. Akisikia hadithi yangu huigawa kwa tatu, na kinachobaki ndicho anachomsimulia jirani.

Lakini miaka yote niliyofanya kazi ya kupima mawe ya chuma, mzani sikuutia chumvi hata siku moja. Niliutia maji.

Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuwapa ninyi vijana mnaoingia kwenye miradi ya madini mkiwa na tableti mkononi na helmeti ambayo haijawahi kugongwa na kitu. Kaeni vizuri. Na asiyeniamkia shikamoo nitamsimulia mara mbili.

Kwanza kazi yenyewe, maana hata mama yangu mzazi alifariki akiamini nauza kokoto. Kulikuwa na kilima kimoja upande wa Upare, na ndani yake chuma. Msishangae. Babu zetu wa mlimani walikuwa wakishuka na ndizi na kupanda na majembe ya Wapare kabla hajazaliwa mtu wa kuandika ripoti. Sasa wenye mradi walitaka kujua: chuma kilichomo ni tani ngapi? Huwezi kukibeba kilima ukakiweka kwenye mzani. Unachoronga mashimo, hapa na pale, na kila shimo linakupa mawe marefu ya duara, mfano wa miche ya sabuni. Mawe hayo yalipangwa kwenye maboksi, yakapakiwa kwenye lori na kuletwa Kiboriloni, kwenye ghala letu nyuma ya soko, kwa sababu kule kilimani hakukuwa na umeme na hapa kulikuwa na umeme, maji ya bomba, na mama mmoja aliyepika maharage ambayo hadi leo nikiyakumbuka namsahau mchungaji.

Basi kukadiria madini ni hivyo. Umeonja kijiko kimoja cha mtori, na unatakiwa kusema sufuria zima la harusi lina nyama kiasi gani. Ukishajua mwamba umeenea wapi na umeshuka mpaka wapi, umepata ukubwa wake. Ukishajua kila mita ya ujazo ina uzito gani, umepata tani. Halafu maabara inakuambia katika hizo tani chuma ni asilimia ngapi. Ule uzito wa katikati ndio ulikuwa wangu. Watu wanaudharau. Asilimia zinatangazwa kwa sauti, picha za kompyuta zinapigiwa makofi, ila uzito unatoka kwa mtu mmoja aliyeinama juu ya ndoo.

Ndoo hiyo sikuipata kwa vyeti. Niliajiriwa kushusha maboksi kwenye lori. Jioni nilikuwa nasoma masomo ya watu wazima pale mjini, darasa la watu wenye madeni na vitambi, na kidato cha nne nilikimaliza nikiwa na mvi za kutosha kumwongoza mwalimu. Siku moja mkuu wa ghala, Bi. Zuhura, mjiolojia, binti wa fundi cherehani wa Majengo, aliwauliza wapakuaji kwa utani kwa nini jiwe likiwa ndani ya maji linakuwa jepesi. Wenzangu wakacheka. Mimi nikanyoosha kidole kama niko darasani, nikasimama, nikaeleza mpaka akaniomba nikae. Kesho yake nikakabidhiwa mzani.

Namna tulivyopima ni hii. Unalipima jiwe likiwa hewani. Kisha unalining'iniza kwa waya ndani ya ndoo ya maji na kulipima tena. Ile tofauti ndiyo inayokuambia ukubwa wake, hata kama lina umbo la kiazi. Lakini mwamba wa kilima kile ulikuwa wa namna mbili. Kulikuwa na ule mweusi, mgumu, unaong'aa, ambao ukikuangukia mguuni unakumbuka majina ya ukoo mzima. Na kulikuwa na ule mwekundu, laini, wenye vitundu kama mkate, unaopaka rangi kila unachokigusa. Mwekundu ndio ulikuwa mwingi. Nao ukiuzamisha hivi hivi unakunywa maji ya ndoo na kukudanganya, kwa hiyo uliuvika nta kwanza.

Nta yetu ilikuwa mishumaa. Nilinunua mishumaa ya Kiboriloni ikaisha, nikahamia mjini ikaisha, na nadhani mpaka Arusha watu walikaa gizani. Mwenye duka mmoja akaniuliza kwa upole, "Baba, umefiwa na nani?"

Nikamjibu, "Nimefiwa na kilima."

Tangu siku hiyo kila nikipita alinipa pole.

Kosa langu la kwanza lilikuja mapema, tena dogo. Nilikuwa nachagua mawe ya kupima. Ule mweusi hausumbui, haumeguki, unakaa kwenye waya kwa heshima. Ule mwekundu unakufia mikononi. Nikawa napima meusi tu. Bi. Zuhura akasimama nyuma yangu, akatazama trei yangu inavyong'aa.

"Kaka Anaeli, unapima mawe au unachagua mchumba?"

"Haya ndiyo mazuri, bosi."

"Kilima hakikuumbwa kwa mazuri tu. Chukua kila mita moja jiwe moja, hata likiwa na sura kama yako."

Hilo liwekeni mfukoni, vijana. Kinachosumbua kupima ndicho kinachotakiwa kupimwa. Kosa la pili sasa, ambalo ndilo lililonifanya nikae kuandika, halikuwa dogo.

Mimi nilikuwa na kasi. Hapa msigawe kwa tatu, gaweni kwa mbili tu. Nilikuwa na kasi kuliko mtu yeyote aliyewahi kuinamia ndoo. Waraka wa utaratibu ulisema jiwe likaushwe kabla ya kupimwa. Haukusema kwa muda gani. Wakati wa kiangazi niliyatandaza juu ya mabati uani, jua likayachoma siku tatu nne, yakakauka mpaka yanalia. Masika ilipoingia, na ninyi mnaijua masika ya hapa, mlima unajifunika blanketi na hatuuoni mpaka tunasahau uliwekwa upande gani, mabati yakawa mabwawa. Nikayaingiza mawe ndani, nikayapanga sakafuni, nikawasha feni. Siku moja tu. Kesho yake naligusa kwa kiganja, juu hakuna unyevu, nalipima.

Kwenye daftari kulikuwa na safu ya mwisho ya kuandika hali ya jiwe, kavu au bichi. Kwenye jiwe la kwanza nikaandika "kavu." La pili nikatia vile vialama viwili vya kurudia, vya kusema kama la juu. La tatu vialama. La nne vialama. Ukurasa ukajaa mvua ya vialama hadi chini, na ukurasa uliofuata ukaanza na vialama juu kabisa, vikirudia neno lililobaki ukurasa wa nyuma. Niliona nimevumbua kitu.

Sasa sikilizeni ubaya wake. Maabara wanapotafuta asilimia ya chuma, wanalikausha jiwe kwa moto na kulisaga liwe unga. Asilimia yao ni ya jiwe kavu. Ukiichukua asilimia hiyo ukaipigia hesabu kwenye tani zenye maji ndani, yale maji nayo yanahesabiwa kuwa chuma. Mvua imenyesha Upare, kwenye karatasi imekuwa reli.

Nami nilikuwa sijui kama sijui. Bi. Zuhura alichukua uzani wangu, akauingiza kwenye kompyuta inayokigawa kilima vipande kama matofali, kila tofali na rangi yake, na tani zikatoka nyingi za kutosha kuezeka bati mbinguni. Siku ya Alhamisi wenye mradi walikuwa waje ghalani kupokea ripoti. Na ile ilikuwa ripoti ya kwanza kubeba sahihi yake peke yake. Kwenye kazi hii mtu mmoja husimama akasema: makadirio haya ni yangu. Yakija kuonekana ya uongo, halaumiwi aliyeinama kwenye ndoo. Ni jina lake ndilo litakalotembea, ofisi hadi ofisi, na kila likifika mlango unafungwa. Mwanamke yule alikuwa amelitengeneza jina hilo kwa miaka kumi ya matope. Siku zile alikuwa anaimba akipita kati ya maboksi, naye hana sauti.

Siku mbili kabla ya Alhamisi hiyo Mama Aika alishuka na ndizi zake sokoni. Mvua ilikuwa imepumzika. Alipomaliza akapita ghalani kuniletea kiburu, zile ndizi na maharage ambazo mwanamume wa Kichagga akizila saa sita hafikirii tena mpaka saa tisa. Nilipokuwa nakula, yeye akawa anatembea kati ya trei.

"Haya ndiyo mawe yanayokuchelewesha nyumbani?"

"Mawe mia tatu na ushee," nikasema, mdomo umejaa. "Hakuna mtu kati ya hapa na Ulaya aliyepima mengi kwa kasi hii."

Nikamwona akigawa kwa tatu. Akainamia daftari. "Na huku kama kuku amepita ni nini?"

"Vialama. Maana yake kavu, kama la juu."

"Yote?"

"Yote."

"Uliyakausha muda gani?"

"Siku nzima. Na feni."

Akafunga daftari. "Baba Aika, buni yetu ya mwaka jana, na jua lote lile, ilikaa kwenye chekeche wiki mbili ndipo ikagoma kuingia jino. Masika hii nguo zako zina siku nne kambani na bado zinanuka mbwa. Jiwe lako limekauka kwa siku moja?"

"Mama Aika, jiwe si buni."

Akaokota kipande chekundu kwenye trei ya asubuhi ile, akakigusisha kwenye ulimi wake. Niwaambieni, alipokuwa na mimba ya Aika mwanamke huyu alikula udongo wa sokoni kama mimi ninavyokula nyama ya Krismasi. Udongo anaujua.

"Udongo mkavu unanata ulimini mpaka unauvuta kwa mkono," akasema. "Hiki hakinati. Hiki kina maji."

Nikacheka ili nishinde. Nikachukua nyundo nikalipasua jiwe lile nimwonyeshe. Nje lilikuwa na rangi ya tofali. Ndani lilikuwa jeusi tii, limelowa, kama keki iliyotolewa jikoni kabla ya wakati.

Kicheko kikaisha. Nikatafuta jiwe nililolipima mwanzo wa masika, ambalo nililibandua nta likakaa juu ya kabati miezi miwili. Nikaliweka kwenye mzani, nikaangalia daftari, nikaangalia mzani. Lilikuwa limepungua. Si kidogo. Kikombe kizima cha maji kilikuwa kimetoka kwenye jiwe moja na kwenda zake bila kuaga.

Mama Aika akafunga bakuli lake kwenye kanga. "Si mimi wa kuambiwa," akasema, akanionyesha kwa kidevu mlango wa Bi. Zuhura. Akaondoka.

Nataka mjue kwamba sikuingia mlango ule papo hapo. Nilipanga maboksi ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. Nilijiambia tofauti ni ndogo, kilima ni kikubwa, nani atakuja kulamba. Ila kilichokuwa kinanisumbua hakikuwa kilima. Ilikuwa siku moja nilipokuwa mdogo, nimefuatana na baba kupeleka kahawa kwenye chama cha msingi cha ushirika. Foleni ndefu, kijiji kizima. Gunia letu likafunguliwa, karani akatoa punje moja, akaiuma, akaitazama alama ya jino, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzee, rudi nayo ikaone jua." Hakumtukana. Watu hawakucheka. Baba alijitwika gunia akapanda nalo kilima chote, na njiani hakusema neno hata la kuulaani mlima. Baba yangu hakuwa mwizi. Alikuwa na haraka. Siku ile ndipo nilipojua kuwa haraka na wizi vikipanda mzani vina uzito mmoja.

Nikaenda nikagonga.

Bi. Zuhura alikuwa anapanga karatasi za ripoti. "Karibu, kaka Anaeli. Njoo uone tani zako."

"Bosi, hizo tani zina maji."

Akadhani ni utani wangu wa kila siku. Nikaweka mezani vile vipande viwili vya jiwe lililopasuka, tumbo likitazama juu. Akavishika. Akavipindua. Akavirudisha polepole sana, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Mangapi?"

"Mengi."

"Kaka Anaeli. Usinipe hesabu za kilabuni. Nipe za mzani."

"Yote niliyopima tangu mvua ianze. Mia tatu na kumi na mawili. Niliyagusa juu nikaandika kavu. Mengine hata sikuandika, nilitia vialama."

Alisimama dirishani akanipa mgongo. Nilisikia lori likishusha mbao nje, ubao baada ya ubao, na nilihesabu mbao zote.

"Nani ameligundua?"

"Mama Aika. Amelamba."

"Amelamba nini?"

Nikaeleza. Akageuka, na sijui kama alikuwa analia au anacheka, nadhani hata yeye hakujua. "Chuoni mwalimu alitaka tulambe mawe," akasema. "Nikakataa. Nikamwambia mtoto wa Majengo halambi jiwe. Akaninyima alama." Akaketi. "Na somo lile amekuja kunidai leo."

Kisha akachukua simu, akawapigia wenye mradi. Sikusikia walichosema upande wa pili, ila alikuwa anaisogeza simu mbali na sikio. Yeye alirudia neno moja tu: wiki tatu. Mzigo ni uleule, nataka niuanike, wiki tatu. Alipokata akaniuliza, "Tutaanikia wapi na mvua hii?"

Hapo ndipo usomi wa barabarani unapowazidi wenye digrii. Mtaa wa pili kulikuwa na mzee Saidi, mwoka mikate, mwenye tanuri la matofali. Mikate yake ikitoka asubuhi, tanuri hukaa na joto lake bure mpaka jioni. Nikaenda nikamwomba. Akaniuliza nataka kuoka nini. Nikasema mawe. Akanitazama muda, akasema, "Njaa imefika huko kwenu mlimani?"

Alikubali. Kwa wiki tatu tuliyabandua mawe nta na kuyabeba kwa trei za mikate. Tukayatia, tukayatoa, tukayapima. Tukayarudisha, tukayapima tena. Hilo ndilo somo lote, vijana, lingeweza kuandikwa kwenye kiganja: jiwe halijakauka kwa sababu limekaa siku moja, wala siku tatu, wala kwa sababu umechoka. Limekauka pale uzito unapokataa kushuka. Pima, rudisha, pima. Likishuka, bado. Likisimama, ndipo uandike. Wateja wa mzee Saidi walikula mikate yenye rangi ya waridi mwezi mzima na hakuna aliyelalamika. Mmoja alisema ameacha hata kuumwa kichwa.

Wenye mradi walikuja. Walikuwa watatu, na msemaji wao alikuwa bwana mmoja mnene mwenye saa kubwa kama sahani. Alilinganisha karatasi ya kwanza na ya pili.

"Bi. Zuhura, tani zetu zimekwenda wapi?"

"Zimerudi mbinguni, mzee. Zilikuwa mvua."

Hakucheka. "Na hizi zilizobaki, nitajuaje nazo hazitaondoka?"

Angeweza kumfungulia kompyuta. Angeweza kumwonyesha matofali yake ya rangi. Mimi nilikuwa pembeni na daftari, natetemeka kiasi kwamba Kilimanjaro ilitikisika. Bi. Zuhura akanyoosha mkono kwenye trei, akachukua kipande chembamba kama kidole, akakitazama kama mtu anayetazama dawa ya mitishamba. Akatoa ulimi akakibandika.

Akakiachia.

Kikanata. Kikaning'inia pale, chekundu, na yeye akawageuzia uso wake mmoja baada ya mwingine, bila haraka, ili kila mtu aone. Yule bwana mwenye saa akainama kutazama kwa karibu, kama daktari. Kisha akafungua kalamu yake mwenyewe akampa. Bi. Zuhura akaweka sahihi, jiwe likiwa bado liko ulimini.

Kilima kilipewa ruhusa ya kwenda hatua iliyofuata, kidogo kuliko kilivyoota, ila kikiwa kimesimama kwa miguu yake. Yeye siku hizi anasaini ripoti kubwa kuliko ile, na vijana wake huwa anawalambisha. Mimi nilibaki na mzani wangu hadi nilipostaafu.

Daftari la wiki zile tatu Bi. Zuhura alinipa siku ya kuniaga. Liko hapa nyumbani, kurasa zake nyekundu kama zimeandikwa kwenye udongo. Mkipita Old Moshi karibuni mlifungue. Safu ya mwisho mtakuta "kavu," na chini yake "kavu," na chini yake "kavu," herufi nne kila mstari, mara mia tatu na kumi na mbili, mwandiko unazidi kuharibika kadiri mkono ulivyochoka. Vialama hamtaviona. Mama Aika aliyahesabu maneno hayo yote siku nilipolileta, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu hakugawa kwa tatu.